Nyapara Aliyelima Mashamba ya Watu

Nyapara hakujua kukaa. Ukimpa kiti alikikalia ukingoni, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeambiwa lori linakuja kumchukua sasa hivi. Mgongo wake haukugusa mgongo wa kiti. Nilikuwa jirani yake, ua wangu na wake umetenganishwa na makuti tu, na kwa miaka yote ile sikumwona hata siku moja akijinyoosha mkekani mchana, saa ambazo wanaume wengine wa kijiji chetu walikuwa wamelala midomo wazi.

Tulimwita Nyapara kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana mpaka mvi: kusimamia magenge ya watu wa barabara za serikali. Barabara ya kutoka Likoni kushuka Lunga Lunga, ile inayopanda Kwale na kuteremkia Kinango, na vijia vya Vanga ambavyo kila masika huliwa na tope, kote huko alikuwa amesimama na kofia yake akitazama watu wakichimba. Jina alikuwa nalo, tena zuri, la kusomewa kitabu, lakini hata mkewe hakulitumia. Nami silitumii hapa, maana mwenyewe asingeitika.

Alipostaafu alirudi na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na firimbi, uzi mrefu wa kunyooshea, na pimamaji, kile kibao chenye kioo na tone la hewa ndani. Nguo zilikuwa chache. Mkewe, tuliyekuwa tukimwita Mama Mkubwa, alikuwa amemngoja maisha yake yote, akiletewa salamu na vipande vya kitenge. Haukupita mwezi akaja kwangu amejifunika kanga mpaka puani.

"Mwanangu," akaniambia, "miaka yote nilimwomba Mungu mume wangu arudi. Sasa karudi, namwomba Mungu apate pa kwenda."

"Kafanya nini tena?"

"Kayapima mafiga yangu. Ati hayako sawa! Kayang'oa yote, kayapanga upya kwa kile kibao chake. Sasa chungu chakaa sawa, na mimi nimepika sima ya ghadhabu."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini mambo ya mafiga yalikuwa mwanzo tu. Alinyoosha ua wake, kisha akanyoosha wangu bila kuniuliza. Alimwambia Bakari mkwezi kuwa minazi ya babu yake ilipandwa upogoupogo, na Bakari, aliyekuwa juu ya mmojawapo, akamjibu kuwa atamwita babu yake kaburini aje aipande upya. Msikitini ilikuwa hivyo hivyo. Imamu akigeuka kusema safu zinyooshwe, Nyapara alikuwa amekwisha kuwasukuma watu mabega. Akitoka, anapanga viatu vya waumini mlangoni kwa mstari, na watu wakitoka wanahangaika kutafuta makubadhi yao.

Alikuwa na salamu yake iliyowakimbiza watu. Ukimaliza shikamoo na marahaba, badala ya kukuuliza habari za nyumbani kama binadamu wengine, anakuuliza, "Na sasa hivi wafanya nini?" Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na cha kufanya na jambo hilo lilimtesa. Nami ukiniuliza, sijaona mtu aliyenisikitisha kwa kupumzika kama yeye. Watu walimtuma barazani acheze bao. Alicheza mara moja, akasimama katikati ya mchezo, akasema hawezi kuhamisha kete kutwa nzima halafu jioni akazirudisha zilikokuwa.

Jambo jingine: alikuwa mtu wa pwani aliyeiogopa bahari. Usicheke. Mtu aliyezaliwa akisikia mawimbi, na maji yakipita kifundo cha mguu anarudi nyuma. Alisema barabara haikudanganyi, ukiiacha jana leo utaikuta pale pale, lakini maji ni kitu kisichokaa mahali. Wavuvi walimtania sana kwa hilo. Yeye aliangalia chini tu akisafisha kucha.

Sasa niseme la hori, maana bila hori hata hayo ya mafiga yasingekuwa na maana.

Kijiji chetu kiko kusini ya Msambweni, na kati yetu na barabara ya kwenda hospitali kuna hori, mkono mmoja wa bahari uliopenya kwenye mikoko. Maji yakipwa unavuka kwa miguu, tope mpaka magotini, unatoka ng'ambo na nguo umezikunja kichwani. Maji yakijaa huvuki. Mtumbwi nao una taabu yake, kwani maji yakiwa nusu unakwama topeni, na yakiwa mengi mkondo unauvuta mikokoni. Tulikuwa tumezoea. Harusi zilingoja maji, maiti walingoja maji, na mgonjwa naye alilazwa ukingoni juu ya kitanda cha kamba, watu wamemzunguka, wanangoja maji.

Mwaka aliorudi Nyapara, wakati wa masika, nililazwa pale mimi. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Mkunga alihangaika nami tangu asubuhi, kisha akamwambia mume wangu mtoto amekaa vibaya, nipelekwe Msambweni. Wakanibeba. Tulipofika horini maji yalikuwa yanajaa, na ilikuwa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu. Tuliyangoja. Jua lilipanda, jua likashuka, nami niko pale chini ya shuka nikisikia watu wakisema maneno ya kunipa moyo. Nyapara alikuwa miongoni mwa wabebaji, ameshika mguu wa kitanda upande wa kichwani kwangu. Wengine waliketi. Yeye alibaki amesimama akiyatazama yale maji, na midomo inamcheza.

Maji yalipopwa tulivuka. Hospitali walinipokea vizuri na mimi wakaniokoa. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa mwanamume, na nywele nyingi. Siwezi kulisema hili kwa maneno mengine.

Niliporudi nyumbani, watu walikuja kunipa pole na kunikumbusha kwamba ni mipango ya Mungu. Nyapara alikuja pia. Alikalia ukingo wa kiti kama kawaida yake, akasema, "Mwanangu, mimi nimejenga barabara za watu wengine maisha yangu yote. Hapa kwetu sijaweka hata jiwe." Akainuka akaenda zake. Kesho yake Mama Mkubwa akaniambia mumewe kaondoka alfajiri na ule uzi wake, na hakuulizwa anakwenda wapi maana mwendo wake ulijieleza.

Alikuwa amekwenda kulipima hori. Alitaka kujenga tuta la mawe kutoka ukingo mpaka ukingo, lipite juu ya maji hata ya bamvua, na katikati penye mkondo aache nafasi ya kupitisha maji, alaze magogo ya minazi juu yake. Alitueleza kwa mikono yake yote miwili, macho yanang'aa, na mimi nilimwona kama mtu aliyekuwa mgonjwa akapata nafuu. Hakutaka malipo wala hakutumwa na mtu. Aliuliza tu nani atamsaidia. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, aliwatangazia wanaume kwamba kesho maji yatapwa mapema, wakutane horini. Wote wakasema inshallah.

Kesho yake alfajiri akafanya kosa ambalo yeye peke yake asingeliona ni kosa. Alisimama katikati ya kijiji, akavuta pumzi, akaipuliza firimbi.

Lazima ujue firimbi ilikuwa na maana gani kwetu siku zile. Askari wa chifu walikuja nayo. Ikilia, ni wanaume watoke wakachimbe barabara ya serikali kwa lazima, na asiyetoka anatafutwa mpaka uvunguni. Tena wengine wa kijiji chetu waliwahi kuchimba chini ya Nyapara huyu huyu, wanamkumbuka na kofia yake. Basi firimbi ilipolia watu hawakufikiri. Miguu ilifikiri kwa niaba yao. Mmoja alijitia ndani ya ghala la mahindi la shemeji yake. Wengine waliingia mikokoni. Mume wangu, aliyekuwa ameahidi kwa kinywa chake kwenda, nilimwona akiruka ule ua ulionyooshwa na Nyapara. Bakari alipanda mnazi na akakaa huko juu mpaka jua likawa kali, akijifanya anakata nazi ambazo zilikuwa bado vidaka.

Nilimpelekea Nyapara maji ya kunywa horini. Nilimkuta peke yake na kaa wa tope, uzi umetandwa kutoka kijiti hadi kijiti, umenyooka vizuri. Alikuwa ameishika firimbi mkononi.

"Watakuja," aliniambia.

"Hawaji, baba. Wamekimbia."

"Wamkimbia nani?"

Niliitazama ile firimbi mkononi mwake. Naye akaitazama, akaitia mfukoni, akaanza kuukunja uzi polepole kwenye kiganja. Nilimwonea huruma sana siku ile, ingawa nyumbani nilikuwa nimemcheka mume wangu aliyeruka ua.

Mtu mwingine angerudi barazani. Nyapara alianza kazi peke yake. Alichukua karai, akawa anakwenda machimboni kwenye mawe ya matumbawe, anajitwisha, anarudi, anamwaga, anakwenda tena. Ukimuuliza kama kazi imekwisha, alikuwa na jibu moja, nalo likawa jibu lake la kila kitu kwa miaka yote iliyofuata: "Bado." Umekula? Bado. Umechoka? Bado. Tuta lilianza kuonekana kama ulimi mdogo ukitokeza mikokoni. Kisha bamvua ikaja ikalilamba lote, mawe yakatawanyika topeni, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuwahi kupigilia boriti na kujaza mawe kabla maji hayajarudi. Alianza upya. Bamvua ikaja tena.

Siku moja baada ya bamvua hiyo ya pili alikuwa anapita na karai chini ya mnazi, na mimi niko uani napepeta. Bakari alikuwa juu. Bakari alikuwa na ulimi mkali kuliko panga lake, na huko juu hakumwogopa mtu.

"Nyapara!" akaita. "Nikuulize neno?"

"Uliza."

"Katika kijiji hiki, umelima shamba la nani?"

Nyapara akasimama. Karai liko kichwani.

"Nijibu basi. Mwenzio nikiwa na shamba nikawaita watu kwa mweria, wanakuja, kwa sababu nami nimekwenda kwao. Baba yangu alikwenda kwa baba zao. Wewe umelima la nani? Umezika na nani? Waja na firimbi ukusanye watu ambao hujawahi kushika jembe nao. Kwani sisi ni genge lako?"

Mweria ndiyo desturi yetu ya kusaidiana kazi. Leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Hakuna anayeandikwa wala kulazimishwa, lakini asiyekwenda kwa wenzake siku yake itafika atalima peke yake. Bakari alisema kwa dharau, na mimi nilikasirika, nikamwambia ashuke amwombe mzee radhi. Nyapara akaniinulia mkono ninyamaze.

"Kasema kweli," akasema. Akaenda akayamwaga mawe.

Asubuhi iliyofuata Bakari alimkuta kwenye shamba lake la muhogo, amesimama na jembe jipya begani.

"Nimekuja," akasema Nyapara.

"Kufanya nini?"

"Kulima."

"Sikukuita mimi."

"Najua. Nianzie wapi?"

Sasa hapo ndipo nianze kucheka, Mungu anisamehe. Mtu aliyesimamia majembe maisha yake yote hakujua kulitumia. Alilima kama anayeua nyoka. Mikono yake ilitoka malengelenge, yakapasuka, akaifunga matambara. Kwa Bi Mwanasha, mjane wa nyumba ya mwisho kijijini, alipalilia kwa bidii kubwa mpaka akang'oa mbaazi zote zilizokuwa zimeanza kutoa maua, akaacha magugu yamesimama kwa mstari. Bi Mwanasha alipiga yowe lililosikika msikitini. Nyapara alikwenda kila siku kwa wiki nzima kumpandia upya, na Bi Mwanasha akawa anakaa pembeni na fimbo akimwonyesha lipi gugu na lipi mmea. Uzi hakuuacha nyumbani. Alitanda uzi kwenye shamba la watu kabla ya kulima, na wanawake walioimba nyimbo za kazi wakamtungia wimbo wa mzee anayelima kwa kamba kama mbuzi. Aliitikia kiitikio, kwa sauti mbaya.

Alilima vuli nzima. Vuli ilipokwisha akaenda na watu kufyeka misitu ya mashamba mapya. Alipofiwa mtu alishika sepetu kaburini. Paa likivuja alipanda na makuti, akiteta kuwa fito hazikupangwa sawa. Mama Mkubwa alikuwa akinichekea, "Mume wangu kapata kazi sabini, na zote hazijui."

Lakini mimi nilianza kuwa na hofu, na yeye alikuwa nayo zaidi yangu. Nilikuwa nimeshika mimba tena. Hesabu ya mkunga ilikuwa kwamba nitajifungua masika yakianza. Kila Nyapara akipita uani kwangu na jembe, baada ya salamu jicho lake lilikwenda tumboni mwangu, kisha linakwenda upande wa horini. Muda ulikuwa unamponyoka naye anapalilia mihogo ya watu. Siku moja sikuvumilia.

"Baba, kwa nini usiwaite sasa?"

"Bado."

"Masika yako karibu."

"Najua, mwanangu. Naona." Akakikamua kitambaa cha mkononi. "Nikiwaita mapema hawaji. Nikiwaita siku yake watakuja wote. Bado nyumba ya mzee wa mtaa wa juu sijailimia."

Alipoimaliza, firimbi haikulia. Alipita nyumba kwa nyumba baada ya sala ya alasiri, amevaa kanzu, akasema mlangoni maneno yale yale anayosema mtu yeyote: "Nina mweria kesho. Shamba langu liko horini." Kila mlango ulimjibu haya. Sisi wanawake tulihamia kwa Mama Mkubwa kupika, wali wa nazi na mbaazi, na samaki walioletwa na wavuvi bila kuulizwa. Yale mafiga yaliyopimwa yalibeba sufuria kubwa kuliko zote kijijini, nazo hazikuyumba. Mama Mkubwa aliliona hilo akaniomba nisimwambie mumewe.

Walikuja. Bakari alikuja wa kwanza, na mume wangu, na yule wa ghalani, na hata watu wa ng'ambo. Kila maji yalipopwa sana walipigilia boriti za mikoko, wakajaza mawe, wakashindilia, wakamaliza kipande kabla maji hayajarudi. Nyapara aliranda huku na huku na pimamaji yake akipiga kelele, na watu wakamjibu kwa kelele, na hakuna aliyekasirika. Vipande viwili vya tuta vilitoka, kimoja kila upande, vikawa vinatazamana. Ilibaki ile nafasi ya katikati penye mkondo. Magogo ya minazi yalikuwa yamekwisha kukatwa, yanangoja bamvua ipite yalazwe.

Mvua ikaja kabla ya siku zake. Nami nilikuwa nimeagizwa nihamie kwa shemeji yangu ng'ambo mwezi ukikaribia, mzigo nimekwisha kuufunga. Uchungu ukanitangulia.

Ilikuwa asubuhi, mvua ya kwanza imenyesha usiku na kukatika, na mvua ya kwanza hakuna mtu anayekaa nyumbani. Kijiji kizima kilikuwa mashambani kupanda, huku na huko, mbali. Mkunga alinipapasa, uso wake nikausoma kabla hajafungua mdomo.

"Amekaa kama yule," akasema. "Msambweni, haraka."

Mume wangu alikuwapo, na Nyapara aliyesikia kupitia uani. Wawili hawawezi kubeba kitanda topeni. Nikamwona Nyapara akikimbia, mtu mzima yule, anaanguka anainuka, anaingia kwake. Kisha nikaisikia firimbi.

Nilimshika mume wangu mkono. "Mwambie aache! Watu watakimbia!"

Aliipuliza tena na tena, mpaka ikawa kama inalia yenyewe. Kisha nikasikia miguu. Walitoka mashambani na majembe mikononi, matope mpaka kifuani, mbegu bado zimefungwa viunoni. Bakari alifika na kamba ya kukwelea bado imemzunguka kifundoni. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Walinyanyua kitanda, tukaenda mbio.

Maji yalikuwa yanajaa. Tulipita juu ya tuta, kavu kabisa, maji kulia na maji kushoto, mpaka kwenye ile nafasi. Pale mkondo ulikuwa unapita kwa nguvu. Wabebaji wakasimama. Mimi nikafumba macho nikasema moyoni, tunangoja tena.

Nikasikia mtu amejitosa. Nilipofumbua, alikuwa Nyapara, yule asiyevuka kifundo cha mguu, maji yamemfika kifuani, kofia inaelea inakwenda zake. Bakari akajitosa. Kisha wengine, mpaka wakaijaza ile nafasi kwa miili yao, bega kwa bega, na kitanda changu kikapita juu ya vichwa vyao, kutoka mikono hadi mikono. Kilipopita juu ya Nyapara nilimwona uso wake kwa karibu. Alikuwa amefumba macho kwa hofu, meno yanagongana, na bado anapiga kelele, "Sawasawa! Upande wa miguu uko chini! Inueni, kikae sawasawa!"

Shuka langu halikulowa. Binti yangu alizaliwa Msambweni adhuhuri ile, akalia mara moja kwa hasira, na sauti ile ndiyo kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia.

Nilipomletea mtoto amwone, nilitaka kumshukuru Nyapara ipasavyo. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Akanikatiza, "Bado, mwanangu. Magogo hayajalazwa." Bamvua ilipopita yakalazwa, nikaenda tena, akasema bado, ukingo wa kule unamomonyoka. Sikuwahi kumpata nikamshukuru. Kila masika yakipita tuta lilihitaji mawe, na kila mwaka kabla ya kuwaita watu alichukua jembe akaanza tena nyumba kwa nyumba, ingawa sasa wangekuja hata angewakonyeza tu. Hakupata kujifunza kulima. Watu waliokuwa wakimpenda walificha majembe yao, na Bi Mwanasha alizungushia mbaazi zake miiba. Ile salamu yake pia ilibadilika. Alikuwa akikutana nawe hasemi tena wafanya nini sasa hivi. Anasema, "Kwako kuna kazi gani?"

Mara ya mwisho nilipoonana naye, yeye ndiye aliyekuwa kitandani. Kifua kilikuwa kimembana, na Mama Mkubwa alikubali apelekwe Msambweni. Hakurudi hai kutoka huko. Nalisema sasa ili lisitukute mwishoni. Binti yangu alikuwa amekua kiasi cha kutumwa, akatangulia mbele na kikapu cha Nyapara kichwani. Mimi nilitembea kando ya kitanda pamoja na Mama Mkubwa. Nyapara hakulala. Alikuwa amejikaza kukaa juu ya zile kamba, wima, mikono juu ya magoti, akiwaelekeza wabebaji namna ya kukanyaga.

Tulipofika kwenye magogo akainua mkono. "Nishusheni."

Wakakiweka kitanda chini. Alikuwa ameona jiwe la ukingoni limesogea. Alimwonyesha Bakari kwa kidole, na Bakari, ambaye naye sasa alikuwa na mvi, akapiga magoti akalisukuma.

"Bado," akasema Nyapara. "Kulia kidogo. Bado."

Maji yalikuwa yanaingia kwa chini yetu, yanasukumana kwenye magogo, yanapanda mikokoni. Mmoja wa wabebaji akasema, "Mzee, maji yanajaa."

"Acha yajae." Akanigeukia mimi. Pumzi zilikuwa zinamkata. "Wakumbuka, mwanangu, tulivyoyangoja?"

"Nakumbuka, baba."

Akamtazama binti yangu, aliyekuwa amekwisha fika mbali kwenye ukingo wa pili, miguu mikavu, anatuita tufanye haraka. Alimtazama muda mrefu. Bakari akaligonga jiwe kwa kiganja mara ya mwisho, akainua uso.

"Sasa je, Nyapara?"

Nilijua atakavyojibu, sote tulijua. Lakini alivuta shuka, akajishusha polepole mpaka mgongo wake wote ukalala juu ya kamba.

"Tayari," akasema. "Twendeni."